Shimba Hills: Somo kwa Mkazi Anayepanga Kuitembelea

Gari likiacha barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga pale Kombani na kuanza kupanda kuelekea mji wa Kwale, hewa hubadilika kabla makanga hajamaliza kukusanya nauli. Joto la pwani hupungua, minazi huchanganyika na miembe na mikorosho, na asubuhi za miezi ya kusi ukungu hukaa juu ya vilima mpaka jua lipate nguvu. Juu ya mwinuko huo, takriban kilomita 30 kutoka Mombasa, ndiko iliko Hifadhi ya Kitaifa ya Shimba Hills.

Wageni wanaolala hoteli za Diani huipanda kwa safari ya siku moja na kurudi ufuoni jioni. Lakini wapo wakazi wa Matuga, Kinango na Msambweni waliozaliwa wakiitazama kila siku, ambao hawajawahi kuvuka lango lake, isipokuwa pengine mara moja wakiwa wanafunzi ndani ya basi la shule. Hao ndio somo hili linawalenga. Mtalii hupanda Shimba Hills kuona wanyama. Mkazi ana sababu zaidi ya hiyo: maji, mashamba ya jirani na uzio, na kaya za wazee wake vyote vinahusiana na kilima hicho, na akiingia ndani akijua anachokitazama atarudi na majibu ya maswali ambayo hujadiliwa barazani kila msimu.

Hifadhi ya nani?

Katika mazungumzo ya kawaida watu husema "mbuga ya Shimba". Kisheria Shimba Hills ni hifadhi ya kitaifa, na zaidi ya hapo ni msitu wa serikali. Ilianza kama msitu: ulitangazwa rasmi mwaka wa 1903, maeneo ya nyasi yakaongezwa mwaka wa 1924, kisha mwaka wa 1968 sehemu kubwa ikatangazwa tena kuwa hifadhi ya wanyamapori bila kupoteza hadhi yake ya msitu. Ndiyo maana ina wasimamizi wawili, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na Shirika la Huduma za Misitu (KFS).

Jambo hili huwachanganya wengi, kwa sababu hifadhi nyingine za kitaifa, Maasai Mara ikiwa mfano unaojulikana zaidi, husimamiwa na serikali za kaunti zao. Mkazi wa Kwale anaweza kudhani kwamba ada inayolipwa langoni Shimba inaingia katika hazina ya kaunti. Sivyo. Ada hulipwa kwa KWS, na taarifa za ndovu aliyevunja uzio pia huanzia kwa KWS. Kujua hilo huokoa safari nyingi za bure kwenda ofisi isiyohusika.

Kilima kinachonyonya mvua

Shimba si mlima mrefu. Sehemu zake za juu hazifiki mita 500 kutoka usawa wa bahari. Lakini umbali wake kutoka baharini ni mdogo, na hapo ndipo siri yake ilipo. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu hukutana na mwinuko huu, hulazimika kupanda, hupoa, na kuacha ukungu na mvua juu ya msitu. Chini ya miti kuna mawe ya mchanga ambayo huruhusu maji kupenya. Majani na mizizi hupunguza kasi ya mvua, ardhi huinywa taratibu, kisha maji hutokea tena chini kama chemchemi na vijito, hata wiki nyingi baada ya mvua kukatika.

Chemchemi za Marere ni mfano bora. Maji yake yamekuwa yakisafirishwa kwa bomba hadi Mombasa tangu enzi ya ukoloni. Mto Mkurumudzi nao huanzia katika vilima hivi na kuteremka kusini-mashariki hadi ghuba ya Gazi, ambako maji yake matamu hukutana na mikoko. Mvuvi wa Gazi, mkulima wa bondeni na mpangaji wa kisiwani Mombasa, kila mmoja ana sehemu ya maisha yake juu ya kilima hiki, ingawa ni mmoja tu kati yao anayeweza kukiona akiwa kazini kwake.

Mgeni anayetaka kuliona jambo hili kwa macho asimame kwanza katika nyasi zilizo wazi, kisha aingie msitu wa Makadara au Longomwagandi. Kwenye nyasi jua huchoma na udongo ni mkavu juu. Hatua chache ndani ya msitu, hewa ni ya baridi, na akiinua majani yaliyoanguka atakuta udongo mweusi wenye unyevu. Mti mmoja ukikatwa hauonyeshi tofauti yoyote kwenye bomba la mtu. Kinachohatarisha maji ni tanuri la makaa moja baada ya jingine, miaka kumi mfululizo, na ndiyo sababu maafisa wa misitu hulipa uzito jambo ambalo kwa macho ya anayetafuta riziki ni gunia moja tu.

Palahala, na viumbe wasiotajwa sana

Ndovu ndiye anayezungumzwa zaidi, lakini mnyama wa pekee wa Shimba ni palahala. Huyu ni swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea nyuma kama jambia. Dume aliyekomaa huwa mweusi, na majike na ndama wana rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu. Tumbo na sehemu za uso ni nyeupe. Kote nchini Kenya, hapa ndipo mahali pa kumwona. Idadi yao ni ndogo, kwa hivyo mgeni asishangae akizunguka saa mbili bila kumpata. Wakati mzuri ni asubuhi mapema au alasiri, palahala wanapotoka kula kwenye nyasi karibu na ukingo wa msitu.

Jina lake la kisayansi lina historia. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani kama rais wa Marekani, alikuja Afrika Mashariki kwa msafara mkubwa wa uwindaji. Mwanawe Kermit aliteremka pwani na kuwinda palahala katika vilima vya Shimba. Mwaka uliofuata mtaalamu wa wanyama aliyekuwa katika msafara huo aliieleza aina hii na kuipa jina la Roosevelt, ambalo bado inalo. Wadigo walikuwa wanamjua mnyama huyu muda mrefu kabla ya bunduki hiyo kufika.

Palahala hutegemea nyasi, na nyasi za Shimba zikiachwa bila kuguswa huvamiwa na vichaka. Kwa hiyo wasimamizi huchoma sehemu za nyasi kwa mpango maalumu. Mgeni akiona eneo lililoungua asidhani ni uzembe. Majani mabichi yanayochipua baada ya moto ndiyo hupendwa na wanyama, na mara nyingi ndiko waliko.

Wapo pia nyati, nyani, na twiga ambao waliletwa kutoka kwingine. Kisha wapo viumbe ambao dereva wa watalii hawataji. Kuna chura mdogo wa matete anayepatikana katika vilima hivi, ambaye jina lake la Kilatini linaeleza michoro yake myekundu inayofanana na vijinyoo. Mtu anaweza kumbeba kwenye ukucha wa kidole gumba. Kuna pia mimea ya kale inayofanana na mnazi mfupi wenye majani magumu, jamii ambayo ilikuwapo duniani kabla ya mimea yenye maua. Watu huing'oa kuipamba mbele ya nyumba, na haikui haraka kiasi cha kufidia inayochukuliwa.

Kushuka hadi maporomoko

Wengi hupanda Shimba kwa ajili ya maporomoko ya Sheldrick, yaliyopewa jina la David Sheldrick, mhifadhi wa kwanza wa Tsavo Mashariki. Maji huanguka zaidi ya mita 20 ndani ya dimbwi lililozungukwa na msitu. Njia ni ya miguu, takriban kilomita mbili, na lazima mgeni aandamane na askari wa KWS mwenye silaha, kwa sababu ndovu na nyati hutumia msitu huohuo. Kushuka ni rahisi. Kurudi ndiko kunakomkumbusha mtu umri wake, na wazee au wenye matatizo ya moyo waamue mapema kama watashuka au watasubiri juu.

Anayebaki juu hakosi kitu. Kutoka kwenye vilele vya kutazamia mandhari, kama Pengo na Giriama, mtu huona ukanda wote wa pwani hadi baharini. Watoto hupenda kutafuta paa la shule yao.

Ndovu na uzio

Hapa ndipo somo linapokuwa gumu, na haifai kulizunguka.

Shimba Hills ni hifadhi ndogo iliyozungukwa na mashamba. Ndovu mmoja mzima hula zaidi ya kilo 100 za majani, magome na matunda kwa siku. Mahindi yanapokomaa, au migomba inapozaa, shamba la ekari mbili jirani na msitu ni kama meza iliyoandaliwa. Ndovu huja usiku, na kufikia asubuhi kazi ya msimu mzima imekwisha. Watu wameumia na wengine wamefariki wakijaribu kulinda mazao kwa tochi na madebe.

Mwaka wa 2005 serikali ilihamisha ndovu 150 kutoka Shimba Hills hadi Tsavo Mashariki, moja ya shughuli kubwa za aina hiyo nchini. Mzigo ulipungua, haukuisha. Uzio wa umeme nao husaidia pale unapotunzwa. Mti ukiuangukia, au mtu akikata waya ili kupitisha ng'ombe au kuni, ndovu hugundua upenyo huo haraka kuliko fundi. Ndovu wana kumbukumbu, na dume aliyejifunza mara moja kwamba upande fulani uko wazi atarudi hapo.

Kaskazini mwa hifadhi kuna jaribio la aina nyingine. Katika miaka ya 1990 familia za Wadigo na Waduruma zenye ardhi katika njia ya ndovu kati ya Shimba Hills na msitu wa Mwaluganje zilikubali kutolima, zikaunganisha ardhi yao kuwa hifadhi ya jamii. Hifadhi ya Ndovu ya Mwaluganje ilifunguliwa mwaka wa 1995, na wenye ardhi hupata mgao wa mapato. Mgao huo hutegemea idadi ya wageni, na wageni wanapopungua familia ndizo huhisi kwanza. Hata hivyo, mkazi anayetaka kuelewa mjadala wa ndovu vizuri angefaa kutembelea pande zote mbili kwa siku moja: Shimba asubuhi, Mwaluganje alasiri. Huko atakuta pia karatasi na kadi zinazotengenezwa kutokana na kinyesi cha ndovu, biashara inayowachekesha watu mpaka waone bei yake.

Kuhusu fidia, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa kifo kilichosababishwa na mnyama aliyeorodheshwa, milioni 3 kwa jeraha la ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mazao, mifugo na mali hukadiriwa kwa bei ya soko. Madai hupitia kamati ya wanyamapori na fidia ya kaunti. Fidia imekuwa ikichelewa, na wakazi wana haki ya kulalamikia hilo. Lakini madai mengine hukwama kwa sababu ushahidi ulipotea. Aliyeharibiwa shamba atoe taarifa kwa kituo cha KWS au kwa chifu upesi, aache nyayo na mabua kama yalivyo, apige picha kwa simu, na amwite afisa wa kilimo akadirie hasara kabla ya kulima upya. Kwa jeraha au kifo, ripoti ya polisi na ya daktari ni lazima. Sheria pia inaruhusu dai kukataliwa ikiwa mwenye shamba hakuchukua hatua zozote za kujikinga, kwa hivyo kumbukumbu ya uzio aliojenga au walinzi aliowaweka ina thamani.

Kuna njia za kujikinga zisizo na gharama kubwa. Ndovu wanaogopa nyuki. Uzio wa mizinga iliyounganishwa kwa waya, ambao ndovu akiugusa nyuki hutoka, umefanyiwa majaribio kwa miaka mingi kule Sagalla, kaunti jirani ya Taita Taveta, na mwenye shamba huvuna asali pia. Pilipili pembezoni mwa shamba husaidia, kwa sababu ndovu hawaili.

Kaya

Kabla ya kuwapo kwa hifadhi au sheria za misitu, sehemu za misitu ya Kwale zilikuwa zikilindwa na kaya. Kwa mujibu wa masimulizi ya Wamijikenda, mababu walihama kutoka Shungwaya upande wa kaskazini na kujenga vijiji vyenye ngome ndani ya misitu, na wataalamu huhesabu vingi kuanzia karne ya 16. Kila kaya ilikuwa na njia zake na milango yake, na fingo lililozikwa ardhini kuilinda. Watu walipoanza kutoka na kulima nje, vijiji vilibaki vitupu, lakini msitu uliendelea kuheshimiwa kama makazi ya wahenga. Kukata mti, kulisha ng'ombe au kuacha njia kulikatazwa, na mzee wa kaya hakuhitaji askari ili asikilizwe. Matokeo yake yanaonekana leo: mivule na mibambakofi mikubwa bado imesimama ndani ya kaya nyingi ilhali nje imekwisha.

Kuanzia mwaka wa 1992 kaya kadhaa zilitangazwa kuwa turathi za kitaifa, na mwaka wa 2008 UNESCO iliingiza misitu kadhaa ya kaya za Mijikenda katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kati ya hizo, Kaya Kinondo, Kaya Gandini na Kaya Mtswakara ziko Kwale.

Kaya Kinondo, karibu na ufuo wa Diani, hupokea wageni kwa utaratibu uliowekwa na wazee, na inafaa kuunganishwa na safari ya Shimba. Mgeni hupewa kitambaa cheusi cha kujifunga kiunoni, hutembea na mwongozaji, na haruhusiwi kuchukua chochote, hata jani lililoanguka. Si kaya zote zinazofunguliwa hivyo. Mkazi anayetaka kuingia nyingine aanze kwa wazee wake, si kwa picha aliyoiona kwenye simu. Wapo wanaoona kaya kama mambo ya zamani yasiyofaa mtu wa dini. Ni mazungumzo ambayo Wadigo wamekuwa nayo nyumbani kwa vizazi, na mgeni hatakiwi kuyamaliza. Anachotakiwa ni kunyamaza mwongozaji anapomwambia anyamaze.

Mambo ya kupanga kabla ya safari

Lango kuu liko karibu na mji wa Kwale na hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na wageni wasiolala ndani hutoka kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ada hailipwi kwa pesa taslimu. Hulipwa kupitia mfumo wa eCitizen, na mkazi huhitaji kitambulisho cha taifa ili alipe kiwango cha raia. Viwango hubadilika, kwa hivyo viangaliwe kwenye mfumo wiki ileile ya safari, na malipo yafanyike nyumbani ambako mtandao una nguvu.

Bodaboda itamfikisha mtu langoni, lakini ndani kuna ndovu na nyati, hivyo apange gari. Familia tatu au nne zikichanga, matatu moja hutosha. Wakati wa masika njia za ndani huteleza, na gari la kawaida linaweza kukwama. Chupa za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi tangu Juni 2020, kwa hivyo maji yabebwe kwenye chupa ya chuma au ya kudumu.

Mbung'o wapo, na ni walewale wanaoeneza nagana kwa ng'ombe wa vijiji vinavyopakana na msitu. Huvutiwa na rangi ya samawati na nyeusi, hivyo nguo za rangi ya udongo au kijani kilichofifia, zenye mikono mirefu, ni bora. Dirisha la gari likifungwa wakati wa kupita vichakani husaidia zaidi kuliko dawa.

Shule inayopanga ziara iwaandikie wasimamizi wa hifadhi mapema na kuomba askari wa kuwaeleza wanafunzi, kwa sababu basi lenye watoto hamsini lisilo na mtu wa kueleza hurudi na kelele tu. Na kikundi chochote kinachotaka kushuka Sheldrick kiulize langoni, kabla ya kuzunguka kwingine, saa ambazo askari wa matembezi huondoka. Aliyechelewa husubiri zamu ya alasiri, na zamu hiyo huishia kupanda mlima jua likiwa kali.